Maswali ya Bustani: Kuvumwani ya Kutambaa Pale Nyasi Zinapokataa

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa wenye shida moja: kona ya ua isiyopata jua, udongo haukauki, nyasi zimepandwa na zimekufa. Baadhi yao wameona kuvumwani, ule mmea mfupi wa kijani usio na maua unaotanda juu ya mawe na udongo mbichi, ikijiotea hapo hapo bila kupandwa na mtu. Wanauliza kama inaweza kutunzwa badala ya kupigwa vita. Inaweza. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Naanzia wapi?

*Swali: Habari za kazi. Nina eneo la mita tatu kwa nne nyuma ya nyumba, linapata jua kidogo asubuhi basi. Nyasi hazikubali. Naomba hatua za kupanda kuvumwani, tangu kuandaa udongo hadi inaposhika.*

Jibu: Kabla ya kushika reki, elewa kwamba kuvumwani haina mizizi. Zile nyuzi nyembamba zilizo chini yake kazi yake ni kushikilia tu. Maji na chakula huvipokea kwa majani, na majani hayo kwa aina nyingi yana unene wa seli moja. Ndiyo maana rutuba na kina cha udongo haviisaidii kitu. Inachotaka ni uso wa ardhi ulio safi, mgumu, wenye unyevu, na unaoigusa kila mahali. Watu wengi hushindwa kwa sababu wanaitunza kana kwamba ni mche wa mboga.

Ng'oa nyasi na magugu pamoja na mizizi yake, lakini usilime. Kulima kunaleta juu mbegu za magugu zilizolala chini, na utazing'oa mwaka mzima. Sawazisha kwa reki, ondoa kokoto na vijiti, ziba mashimo ambamo maji yatatuama. Mteremko mdogo ni mzuri. Mwagilia, kisha subiri siku 10 hadi 14 ili magugu yaliyobaki yachipue, uyang'oe yakiwa bado madogo. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka, nao ndio wanaotuandikia baadaye kuhusu magugu.

Sasa shindilia. Tumia miguu au ubao. Udongo uliogandamana, ambao nyasi huuchukia, kuvumwani huupenda. Kama ni mchanga mtupu, tandaza juu sentimita 1 hadi 2 za udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, ushindilie tena. Mboji na samadi ziache kwa bustani ya mboga. Aina nyingi za kutambaa hupenda udongo wenye asidi kiasi, pH (kipimo cha asidi) 5 hadi 6, ila kama kuvumwani inajiotea mita chache kutoka hapo, huna haja ya kupima chochote: udongo unafaa.

Siku ya kupanda, lowesha ardhi mpaka juu pawe na tope jepesi, si dimbwi. Kwaruza kwa reki milimita chache tu. Lowesha na kuvumwani yenyewe, itoe majani makavu na udongo wa ziada, uikate vipande vya kiganja, kama sentimita 10 kwa 10. Bandika kipande, kikandamize kwa kiganja, halafu kikanyage. Ndiyo, kikanyage, kwa kiatu chenye soli bapa. Kisha inua ukingo mmoja polepole: ukikuta tope limenata upande wa chini, kimegusa. Ukikuta upande wa chini ni msafi, kuna hewa katikati, na sehemu hiyo itakauka kabla ya nyingine zote. Rudia.

Kufunika mita zako 12 za mraba kwa mara moja kunahitaji kuvumwani nyingi mno. Ukiacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya kipande na kipande, utahitaji mita za mraba 3 hadi 5 tu. Mabaki yaliyochanika usiyatupe. Yafikiche kwa viganja, uyanyunyize kwenye nafasi hizo na kuyakandamiza. Kila kijitawi cha milimita chache kinaweza kuwa mmea mpya. Nafasi hujifunga kati ya miezi 6 na miaka 2, kutegemea aina na unyevu.

Funika yote kwa wavu wa plastiki wenye matundu ya sentimita 1 hadi 2, uliobanwa na pini za waya zenye umbo la U kila baada ya sentimita 30 hadi 40. Wavu huu huzuia ndege na upepo, na huendelea kuibana kuvumwani chini. Wiki tatu za kwanza nyunyiza maji mara mbili au tatu kwa siku, dakika chache kila mara, ili isikauke kabisa. Baada ya hapo mara moja kwa siku kwa mwezi mmoja, halafu mara mbili au tatu kwa wiki mvua isiponyesha. Kwenye wiki ya 6 hivi, vuta kipande kwa vidole viwili. Kikikataa kuinuka, kimeshika, na wavu unaweza kutoka.

Nitajuaje ya kutambaa na isiyo ya kutambaa?

*Swali: Nimeokota aina mbili. Moja imelala, nyingine imesimama vifundovifundo. Naweza kuzichanganya?*

Jibu: Unaweza, lakini usizimwagilie kwa namna moja. Ile iliyolala, yenye shina linaloenda pembeni na matawi pande zote mbili mfano wa unyoya, ndiyo ya kutambaa. Jenasi (yaani koo za mimea) za Hypnum, Thuidium na Brachythecium ziko kundi hili. Huvumilia kukatwakatwa, hukua upesi kuliko nyingine, na haisumbuliwi na maji ya mara kwa mara.

Iliyosimama, kila shina wima na yote yamesongamana, ni kundi la akina Polytrichum, Dicranum na Leucobryum. Hii hukua polepole, na ukiilowesha kila siku mwaka mzima huoza katikati. Inataka ikauke kidogo kati ya maji na maji. Kwa hiyo ya kutambaa iweke sehemu za chini ambako unyevu hukusanyika, na ya kusimama iweke juu ya vituta na kandokando ya mawe, maji yanakotiririka na kuondoka.

Ile ya kusaga na maziwa ya mgando

*Swali: Nimeambiwa unasaga kuvumwani kwenye blenda na maziwa ya mgando na sukari, unapaka kwenye mawe, baada ya wiki chache jiwe lote limekuwa kijani. Nimefanya, nimepata harufu na ukungu mweupe. Nimekosea kipimo?*

Jibu: Hukukosea kipimo. Maziwa na sukari ni chakula cha ukungu na bakteria, na hivyo hukua upesi mara nyingi kuliko kuvumwani. Isitoshe vinavuta mchwa, sisimizi na panya. Kuvumwani hujitengenezea sukari yake kwa mwanga, haikuhitaji uiongezee.

Kilicho sahihi katika mapishi hayo ni kusaga tu, na hata huko watu huzidisha. Blenda ikizunguka dakika nzima unapata uji wa seli zilizopasuka, na uji huo hauoti. Fanya hivi: kuvumwani iliyosafishwa kikombe 1, udongo wa mfinyanzi mkavu uliochekechwa kikombe 1, maji ya mvua vikombe 2. Changanya maji na mfinyanzi kwanza kwa mkono. Kuvumwani ikate kwa mkasi, au iwashie blenda kwa sekunde mbili na kuzima, mara tatu au nne, mpaka vipande viwe vya milimita 3 hadi 5. Tia kwenye tope. Liwe zito kiasi cha kukaa kwenye brashi bila kudondoka.

Sugua jiwe kwa brashi ngumu na maji, lilowe vizuri, kisha paka tabaka la milimita 3 hadi 5. Mawe yenye vinyweleo, kama jiwe la mchanga, la volkano au tofali la kuchoma, hushika. Jiwe lililong'arishwa na vigae vyenye kung'aa usipoteze muda navyo. Nyunyiza kwa chupa yenye matone madogo sana, maana bomba litaosha kila kitu, na usiache tabaka lipasuke kwa ukavu katika wiki 6 za kwanza. Dalili ya kwanza ni utando mwembamba wa kijani kwenye tope. Majani halisi yanayoonekana kwa macho huchukua miezi kadhaa.

Tuseme ukweli, njia hii ni ya jiwe lenye umbo la ajabu ambalo vipande havilali juu yake. Kwa ardhi tambarare, kupanda vipande kunashinda kila mara.

Imegeuka kahawia

*Swali: Niliipanda miezi minne iliyopita, ilikuwa kijani kibichi. Sasa nusu ni ya kahawia na sehemu nyingine inakaribia kuwa nyeusi. Nazidisha maji lakini haibadiliki. Imekufa?*

Jibu: Ya kahawia huenda imelala tu. Kata kipande kidogo, kitie kwenye bakuli la maji ya mvua dakika 20, kisha kitazame kwa karibu, ukipata lenzi ni vizuri zaidi. Majani yaliyokuwa yamejikunja yakifunguka na ncha za matawi zikawa kijani, mmea uko hai. Kuvumwani hujikausha na kusimamisha shughuli zote, halafu hufufuka ikipata maji. Yakibaki ya kahawia hata baada ya siku mbili tatu za unyevu, sehemu hiyo imekufa. Usiupime mmea kwa upande wa chini: chini ya zulia lenye afya siku zote ni kahawia, kwa sababu hukua kwa juu na sehemu ya zamani hufa.

Kama ilifunguka kijani, kasoro iko kwenye ratiba ya maji. Inapolowa baada ya kukauka, kuvumwani hutumia akiba yake ya chakula kujitengeneza upya kabla haijaanza kutengeneza chakula kingine. Ukiinyunyizia kidogo saa sita mchana ikakauka baada ya nusu saa, umeifanya itumie bila kuingiza. Fanya hivyo kila siku na itaisha polepole mbele ya macho yako huku unaamini unaisaidia. Mwagilia alfajiri, au jioni jua likishuka, ilowe barabara na ibaki mbichi kwa saa kadhaa. Kama huwezi, ni afadhali uiache ikauke na kulala mpaka mvua.

Ile inayokaribia kuwa nyeusi ina maelezo mengine, na hapa inabidi uchunguze palipoathirika. Weusi ulioanza ghafla, ndani ya siku chache, mahali penye mipaka inayoonekana, mara nyingi ni kemikali. Dawa za kuondoa kuvumwani kwenye nyasi huwa na salfeti ya chuma, na baadhi ya mbolea za nyasi zimechanganywa na madini hayo. Kama wewe au jirani mmeweka mbolea ya nyasi, mvua imeisukuma hadi kwako. Osha eneo kwa maji mengi, lililokufa liondoe.

Weusi wenye utelezi na harufu ya kuoza ni maji yaliyotuama. Inua kipande: ukikuta udongo wa kijivu unaonuka, chimba mfereji mdogo pembeni au nyanyua sehemu hiyo kwa sentimita chache.

Duara la kahawia lenye upana wa sahani, na moja zaidi hatua mbili mbele? Mbwa. Chumvi na amonia za mkojo huunguza. Ukimwona akifanya, mwaga ndoo ya maji papo hapo. Baada ya siku moja umechelewa.

Na kama ncha tu ndizo zilizopauka upande wa jua, tazama juu. Mara nyingi kuna tawi lililokatwa na mwanga umebadilika bila mtu kutambua.

Nywele zenye vichwa

*Swali: Kuvumwani yangu imetoa vijiti vyembamba vyekundu vyenye vichwa vidogo. Ni ugonjwa?*

Jibu: Hapana, inazaa. Vichwa hivyo ni vifuko vya spora, chembe za uzazi laini kama vumbi. Vikikauka hufunguka na upepo hubeba. Usivipunguze, na usivikanyage mpaka vimalize.

Maji gani?

*Swali: Natumia maji ya bomba, naona utando mweupe juu ya majani. Mwenzangu anasema nitumie maji ya mvua ya kwenye paa la mabati. Yapi bora?*

Jibu: Utando mweupe ni chokaa iliyomo kwenye maji magumu. Maji yanapokauka juu ya jani chokaa hubaki, na kwa kuwa jani ndilo kinywa cha mmea huu, huziba polepole. Maji ya mvua ni bora bila ubishi, lakini swali la paa ni zuri kuliko ulivyodhani. Mabati yaliyopakwa zinki hutoa zinki kidogo kila mvua inaponyesha, na zinki, sawa na shaba, ni sumu kwa kuvumwani. Ndiyo maana watu hupigilia vipande vya zinki au shaba kwenye kilele cha paa la vigae ili kuvumwani isiote chini yake. Mabati yaliyopakwa rangi vizuri hayana shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Kama yako ni ya zinki tupu, kinga mvua moja kwa moja kwenye beseni au turubai safi, au tumia paa la vigae. Na usipande kuvumwani pale matone ya ukingo wa mabati yanapodondokea, haitaota.

Ukibaki na maji ya bomba tu, yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24. Klorini ya kawaida itatoka. Klorameni, dawa nyingine ya kusafisha maji, haitoki kwa njia hii, wala chokaa. Basi mwagilia kwa nadra, na mvua kubwa ikija iache ioshe.

Magugu

*Swali: Naweza kupuliza dawa ya magugu juu ya kuvumwani? Na siki je?*

Jibu: Siki hapana, inaunguza kila jani inaloligusa. Dawa za magugu hutofautiana na aina za kuvumwani nazo hutofautiana, kwa hiyo unacheza kamari na kazi ya miaka miwili. Ng'oa kwa mkono, mara moja kwa wiki, magugu yakiwa na majani mawili au matatu. Bana kuvumwani kwa vidole viwili vya mkono mmoja, kila upande wa shina la gugu, halafu vuta kwa mkono wa pili wima juu. Usipoibana, gugu litatoka na kipande kizima. Gugu lenye mzizi mnene likate chini kabisa kwa kisu chembamba, rudia kila linapochipua mpaka lichoke. Shimo lililobaki lizibe kwa kidole siku hiyo hiyo, kwa sababu litapokea mbegu nyingine kabla ya wiki kwisha.

Majani ya miti yanayodondoka ni tatizo kubwa kuliko magugu. Jani pana likikaa wiki mbili juu ya kuvumwani huzuia mwanga, na linapooza huacha alama ya kahawia yenye umbo lake. Fagia kwa ufagio laini kuvumwani ikiwa kavu au yenye unyevu kidogo. Ikiwa imelowa chepechepe inang'oka. Katika bustani ya hekalu la Saihō-ji huko Kyoto, Japani, yenye zaidi ya aina 100 za kuvumwani, kufagia majani ni sehemu kubwa ya kazi ya watunzaji. Kama mti wako unamwaga majani yote kwa mkupuo, tandika wavu juu, na baada ya kumaliza uukunje pamoja na majani yake.

Ukuta mpya wa saruji

*Swali: Nimejenga ukuta mfupi wa saruji mahali pa kivuli nataka uwe kijani. Nimebandika vipande mara mbili vimekufa.*

Jibu: Ukuta bado mbichi. Saruji mpya ina pH zaidi ya 12, yaani ni alkali kali, kinyume cha asidi, na hakuna kuvumwani ya kutambaa ya msituni itakayokaa hapo. Hewa na mvua hupunguza ukali huo kwenye uso wa saruji, lakini ni kazi ya miezi, pengine zaidi ya mwaka. Osha kwa maji mara kwa mara ukipenda kuharakisha kidogo. Ukishapata umri, usichukue kuvumwani ya kwenye udongo au gogo. Itafute iliyokwisha kuota kwenye saruji kuukuu au lipu, mfano Tortula muralis, au Bryum argenteum yenye rangi ya fedha inayoota hadi kwenye nyufa za barabara. Kanuni hii inafaa kila mahali: ya jiwe ipeleke kwenye jiwe, ya gogo kwenye gogo, ya udongo kwenye udongo.

Inaharibu nyumba?

*Swali: Mume wangu anasema kuvumwani itabomoa ukuta wetu. Ni kweli?*

Jibu: Mpeni nusu ya hoja. Haina mizizi ya kupasua tofali. Lakini inashikilia maji, na ukuta usiokauka huharibika lipu na rangi. Kwenye paa hali ni mbaya zaidi, hunenepa katikati ya vigae, maji hupita chini yake, na vipande vinavyobomoka huziba mifereji. Ukutani kwenye nyumba mnamoishi na kwenye paa iondoeni kwa brashi ngumu ikiwa imelowa, halafu tafuteni chanzo cha maji, kwa kawaida mfereji unaovuja au udongo uliopanda juu ya msingi. Mkiondoa kuvumwani mkaacha chanzo, itarudi. Ukuta wa bustani na mawe ya mapambo hayana neno. Njia ya kupita watu nayo acheni katikati pawe wazi, maana ikilowa inateleza. Kati ya mawe ya njia, jazeni udongo hadi milimita 5 chini ya uso wa jiwe ili mguu ukanyage jiwe na kuvumwani ipone.

Utelezi wa kijani

*Swali: Badala ya kuvumwani nimepata utando wa kijani unaoteleza, na sehemu moja kitu kama majani bapa yenye vikombe.*

Jibu: Utando ni mwani wa nchi kavu. Ukikuta madonge kama jeli yenye kijani cha zeituni, hiyo ni Nostoc. Majani bapa yaliyonata ardhini yenye vikombe vidogo ni Marchantia, jamaa ya kuvumwani, na kila tone la mvua linaloanguka kwenye kikombe hurusha vipande vinavyoota pembeni. Vyote vinasema kitu kimoja: maji mengi, na mara nyingi mbolea. Marchantia hupenda sana ardhi iliyotiwa mbolea. Punguza kumwagilia hadi uso ukauke kati ya zamu, acha mbolea kabisa, kwangua milimita 5 za juu kwa mwiko wa mjenzi na uzitupe mbali. Marchantia itoe kabla vikombe havijajaa.

Ndani ya chupa

*Swali: Naiweka kwenye mtungi wa kioo mezani. Imerefuka, imekuwa nyembamba, na kuna ukungu kama pamba.*

Jibu: Kurefuka ni kutafuta mwanga. Kivuli si giza. Sogeza mtungi karibu na dirisha lenye mwanga mwingi lakini jua lisiupige moja kwa moja, kwani kioo kilichofungwa hupika. Taa ya LED saa 10 hadi 12 kwa siku inatosha. Ukungu utoe kwa kijiti cha pamba, toa kila kipande kilichokufa, fungua kifuniko saa moja au mbili kwa siku hadi ukome. Chini weka changarawe sentimita 2, juu udongo usio na mbolea sentimita 3, na umwagilie kwa chupa ya kupuliza tu. Kioo kikiwa na jasho asubuhi na kukauka mchana, kipimo ni sawa. Jasho likikaa kutwa, maji yamezidi. Chagua ya kutambaa: zile za kusimama nyingi haziwezi kuishi miezi na miezi bila kukauka.

Nitaipata wapi bila kuharibu msitu?

*Swali: Naomba ushauri wa mahali pa kuichukua.*

Jibu: Palipo na mpango wa kuiondoa: mifereji ya paa inayosafishwa, njia za mawe zinazokwanguliwa, kiwanja kinachotaka kujengwa, vyungu vya bustani. Omba ruhusa ya mwenye mahali. Hifadhi na misitu inayolindwa usiiguse. Palipo na nyingi, chukua vipande vidogo vilivyotawanyika ili vilivyobaki vizibe mapengo, si kukunja zulia zima. Kuvumwani ya msituni hukaliwa na wadudu wengi wadogo na huchukua miaka kurudi. Ukishaichukua, isiwekwe kwenye mfuko wa plastiki juani. Ikauke kwenye gazeti kivulini, itakaa wiki kadhaa ikikusubiri.

Yangu ina mizizi

*Swali: Nimeuziwa chungu cha "kuvumwani ya kutambaa". Nimefuata maelezo yenu ya zamani, nikaiacha ikauke ili ilale. Haijafufuka. Na nilipoing'oa niliona mizizi.*

Jibu: Basi uliuziwa Selaginella, yumkini Selaginella kraussiana, mmea wa asili ya Afrika unaofanana na kuvumwani kwa mbali. Si kuvumwani. Una mishipa ya kupitisha maji na mizizi halisi inayoshuka kutoka kwenye shina linalotambaa. Unapenda kivuli na unyevu vilevile, lakini ukavu unauua. Ziko Selaginella zinazofufuka, ila hii si mojawapo.

Angalia kama kuna shina lililobaki kijani. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 8, vilaze, si kuvisimamisha, juu ya mchanganyiko wa mboji iliyooza vizuri na mchanga kwa nusu kwa nusu, vifundo vya shina viguse udongo. Bana kwa pini za waya, funika na mfuko mwangavu wenye matundu machache, weka mahali penye mwanga usio wa jua. Mizizi hutoka ndani ya wiki chache. Huu, tofauti na kuvumwani, utapenda mbolea ya maji iliyopunguzwa hadi nusu ya kipimo cha kwenye kopo, mara moja kwa mwezi wakati unakua. Ukiupanda nje uwekee mpaka wa mawe na ukate unapovuka, kwa sababu penye unyevu wa kutosha hutambaa juu ya kila kitu kifupi, pamoja na kuvumwani yako.